Kilo Mbili za Maji

Jumamosi ya kwanza tulishuka basi kumi na wanne,
soksi tumezipaka sabuni ruba wasipande,
tukapiga picha kabla hata ya kumsalimu mtu.
Jumamosi ya sita tulikuwa watatu:
Nipuni wa takwimu, Roshel asiyejua kunyamaza,
na mimi. Wengine walikuwa na mitihani.
Mimi pia nilikuwa nayo, na sisemi hivyo nisifiwe.
Nilikuja kwa ajili ya cheti.

Kutoka chuoni Peradeniya hadi kwenye vyumba vya wachuma chai
ni nusu saa, na konda wa basi anatushangaa:
huku hapandi mtu asiye na ndugu.

Darasa letu ni banda wanamoachwa wachanga
mama zao wakiwa mlimani.
Bembea za sari kuukuu zinaning'inia toka darini
juu ya vichwa na madaftari.
Mmoja akilia, tunaacha kugawanya;
aliye karibu anasukuma bembea kwa mguu,
tunaendelea tulipoishia, au tulipodhani tuliishia.

Wao Kisinhala chao kinatosha kunicheka.
Mimi Kitamil changu kilikuwa maneno tisa,
manne kati yake vyakula.
Nilihesabu vizuri mpaka sita. Saba ikanishinda,
inataka ulimi ujikunje kama jani changa la chai.
Tharshika, miaka kumi na mmoja, akasimama akanisahihisha,
na tangu siku hiyo dakika kumi za mwanzo ni zake:
yeye mwalimu, mimi nakaa chini kwenye mkeka.

Siku ya asilimia, mfano wangu ulitoka kitabuni.
Bwana mmoja ananunua televisheni, anapunguziwa bei.
Bwana huyo hakumgusa mtu.
Dilukshan alikuwa anachora tairi.
Ndipo Tharshika akainua mkono:
"Kilo kumi na tisa, wakikata mbili,
ni asilimia ngapi?"

Kumi na nusu hivi, nikasema. Wanakata za nini?

"Za maji. Majani yakilowa huwa mazito."

Basi ni haki, akadakia Roshel, mvua huku haiishi.

"Na jua likiwaka wiki nzima," akasema, "pia za maji."

Akatoa daftari jingine, lile ambalo hatukumpa sisi.
Siku ishirini na mbili za mama yake, kwa penseli:
alichochuma, kilichoandikwa.
Kumi na nane ndiyo siku kamili; chini ya hapo, nusu ya ujira.
Kumi na tisa, kumi na saba. Kumi na tisa, kumi na saba.
"Arobaini na nne," akasema Dilukshan,
ambaye tangu tuanze hakuwahi kujibu swali,
na wala hakuinua macho kwenye tairi lake.

Nipuni akaiweka chaki chini, taratibu,
kama kitu cha kuazima.

Pushpamalar alikuja kumchukua binti, kapu bado mgongoni.
Akaliona daftari, akalifunga.
Alisema sentensi ndefu. Tharshika akanipa fupi:
"Mama anauliza, muhula wenu unaisha lini?"

Wiki ya tatu ya Julai, nikajibu,
na nikasikia jibu lilivyokuwa.

Jumamosi iliyofuata nilidhani hatutamkuta mtu.
Daftari lilikuwa limerudi, limenenepa.
Wanawake kumi na mmoja, miandiko ya watoto kumi na mmoja,
wengine wakiandika tisa imegeuka.
Tharshika alitaka kujua wastani unatafutwaje.
Tulifundisha wastani mpaka giza. Televisheni hatukuitaja.

Kwenye basi la kurudi nilifungua notsi za mtihani wa Jumatatu:
makosa katika vipimo, sura ya nne.
Nikahisi soksi imelowa, nikaishusha.
Ruba, juu kidogo ya kifundo, amevimba, ametulia.
Alipoanza sikuhisi kitu.
Nikamweka kiganjani,
nikajaribu kukisia uzito wake.